Sentimita Tatu

Tangu mshahara wangu upande na wake ubaki pale pale,
Madamu Wanican hunywa chai amesimama dirishani.
Mimi ni fizikia. Yeye ni muziki na fasihi.
Kati yetu kuna benchi, birika,
na waraka ubaoni uliopanga
nani ni nguzo ya nchi na nani ni pambo.
Sikuuandika mimi.
Lakini hata kuomba sukari kulinishinda.

Jumatatu ya mvua, hapa Nebbi,
bati lilinguruma, sauti yangu ikazama;
nikaacha kusema, nikaandika tu:
uzi ukiwa nusu, mtetemo huwa maradufu.
Vichwa sitini na vinane vikanakili.
Maabara yetu ni kabati,
na ufunguo wa kabati ulipata uhamisho
pamoja na mwalimu aliyenitangulia.

Mvua ilipopungua, Giramia akanyosha mkono,
binti wa Erussi, dawati la nyuma,
aliyepata tisa kwa mia na hakulia.
"Mwalimu, adungu ya nyumbani inakataa.
Uzi wa mama na uzi wa mwana wanaitikiana,
lakini mwana si nusu ya mama.
Amezidi."

Darasa likaangua kicheko.
Nikasema: ilete.

Akaja nayo Jumatano, ameibeba mgongoni
kama mtoto mwenye homa:
gogo lililochimbwa, ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa ingali mbichi,
shingo imepinda, nyuzi tisa za nailoni,
ile ile inayonasa angara kule Pakwach.
Tukapima kwa utepe wa fundi cherehani.
Mama: sitini.
Mwana, ubao ulidai, thelathini.
Mwana akasema thelathini na tatu.
Nikapima tena. Nikalaumu utepe,
nikalaumu ngozi, nikalaumu unyevu wa Aprili,
hadi vya kulaumu vikaniishia.

Basi nikalivuka benchi.
"Madamu," nikaita, na neno likanikwaruza koo.

Alikuja mikono mitupu.
Akainamisha sikio kama anayesikiliza tumbo la mjamzito,
akasokota kigingi, nywele moja tu, akangoja.
"Umepima urefu," akaniambia,
"hukupima anavyovutwa.
Mwana huyu amevutwa kuliko mama yake.
Na uzi haukazwi peke yake, mwalimu,
hukazwa ukimsikiliza jirani."

Mkazo! Neno nililofundisha miaka kumi na moja
bila kuligusa kwa kidole.
Nikaliandika ndani ya kipeuo cha pili,
na kwa mara ya kwanza kipeuo kikawa na mlio.
Wanafunzi wakaja mmoja mmoja kukaza na kulegeza,
huku Madamu akiita sauti, mimi nikiita namba,
Giramia akitukosoa sote wawili.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
wala hakipigi adungu.

Mishahara haikubadilika.
Alhamisi, bila kunitazama,
alilisukuma kopo la sukari upande wangu.

Siku ya wazazi, baba yake Giramia akasimama,
Jawiambe, mwenye kahawa, koti la harusi na matope ya mlimani.
"Niliuza magunia matatu," akasema,
"mwanangu aje kujifunza hesabu. Nyuzi tunazo nyumbani.
Hizo zenu zinapikwa?"
Wazazi wakapiga makofi. Nilikuwa na jibu refu,
lenye takwimu. Halikutoka.
Giramia alimwekea tu kidole chake gumba juu ya uzi,
akampigia, akakisogeza, akampigia tena.
Mzazi akatikisa kichwa, akaondoka.
Sitasema alishawishika.

Ila niliegemea lango, nikamwona barabarani,
ameipindua baiskeli magurudumu juu,
anadonoa spoki moja baada ya nyingine,
shingo kaiinamisha.
Akafika kwenye moja. Akairudia.
Akaipiga na jirani yake, akaipiga tena,
kisha akaingiza mkono mfukoni
kutafuta spana.