Kurasa Kumi na Moja

Kitabu kilifika Tukuyu bila jalada,
ndani ya robota la mitumba,
kikinuka dawa ya nondo.
Subilaga alikisoma jikoni kwa sauti,
mvua ikitwanga bati
hata maneno mengine tukayakisia:
jiwe linalonong'ona,
mbweha aliyemeza ufunguo,
na hazina, hatua saba
kutoka mti usio na kivuli.

Kurasa kumi na moja za mwisho hazikuwemo.
Mama alikiri: "Kuni zilikuwa mbichi."

Basi tukatoka kuutafuta mti wenyewe.
Lakini mwezi wa nne,
ukungu umeteremka kutoka Rungwe,
mti gani una kivuli?
Tukachagua ule wa nyuma ya zizi.
Mimi nilishika tochi;
yeye alilisemesha jembe
maneno ya uchawi aliyoyatunga kwa Kinyakyusa,
ili udongo wetu uyaelewe.
Tulipata kigae, jino la ng'ombe,
na maji. Maji mengi.

Asubuhi baba alisimama ukingoni.
Tukangoja fimbo.
"Nani kachimba shimo zuri hivi?"
Akaleta chipukizi la mgomba,
akalishindilia kwa kisigino.

Mgomba ule sasa una vitukuu.
Na Subilaga, mwalimu mkuu mstaafu,
asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa,
akila ndizi za pale nyuma ya zizi
hutafuna taratibu, upande mmoja,
kama mtu anayechelea
kuvunja jino
kwa kitu kigumu
kinachong'aa.