Kiingilio

Asubuhi nawapokea langoni
kwa maneno niliyoyakariri hadi yakachuja:
ngome ilianza mwaka elfu moja mia tano tisini na tatu,
ramani ya Mreno, jiwe letu,
tumbawe la pwani hii hii, lililokuwa hai
kabla halijawa ukuta.
Ukiitazama kutoka angani ni mtu kalala chali,
kichwa kakielekeza baharini.
Hapa hutoa simu. Hapa mimi hupumua.

Nawapeleka kwenye michoro ya askari
waliochora meli na makanisa kwa makaa na ngeu
wakingoja zamu zao ziishe.
Tumeifunika isipigwe jua, isiguswe.
Nawasimulia kuzingirwa, miezi thelathini na mitatu,
njaa, maradhi,
na kisima cha maji ya chumvi, ya kuogea tu.
Watoto wa shule huhesabu mizinga
na kila darasa lina jumla yake.
Watu wa Nairobi huulizia majini.
Wazungu huulizia choo.

Jumanne moja akaja Bi Mwanatumu, nyanya yangu,
kutoka Kibokoni, mwendo wa kumaliza kashata moja,
mwendo ambao kwa miaka sabini na ushei hakuukanyaga.
Buibui kaliuma kwa meno, kikapu cha mahamri mkononi.
— Kuingia ni pesa ngapi?
Karani akamtajia bei ya wenyeji.
Akacheka, cheko lake la kukwangua sufuria.
— Mume wangu Shekuwe aliingia bure,
akala bure, akalala bure miezi saba.
Mimi mkewe nilipe nini?

Katika maneno yangu ya kukariri
jela ina sentensi moja.
Huisema nikitembea,
tukielekea kwenye vyungu na sahani za Kichina.

Tuliketi kivulini, karibu na mzinga.
Sukari, akasema. Gunia moja la Kilindini,
limetoboka pembeni bila yeye kujua,
akalibeba usiku, Makadara, vichochoroni, hadi ukumbini.
Asubuhi polisi hawakuhitaji mbwa.
Walifuata sisimizi.

— Humu ndani akawa malenga, yeye asiyejua hata kuandika barua!
Alinitungia kwa msumari, ukutani,
na siku ya kutoka akanisomea kwa moyo:

*Ukuta huu mnene, nasikia unatwanga,*
*Ndotoni na tuonane, mlango wameufunga,*
*Imebakia minne, mezi ya kuunga unga,*
*Chai inywe chungu mwana, tamu imenipa janga.*

Basi ndiyo maana.
Utoto wangu wote nilidhani ni kisukari.

— Nionyeshe huo ukuta.

Nikamshika mkono, nikamzungusha uwanjani mara mbili
kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Ukuta haupo, nyanya.
Vyumba vya wafungwa vilibomolewa
ngome iliporudishwa kwenye asili yake.
Nilipolitamka neno hilo, asili,
nililisikia kwa mara ya kwanza.
Nyuma yetu, chini ya paa lake,
askari wa Kireno aliendelea kuchora meli.

Hakulia. Alisimama pale penye nyasi,
akapima kwa miguu, saba huku, nne huku,
akapageuza mwili kufuata upande wa Kibokoni,
akatega sikio.
Msichana mmoja wa Kijerumani akampiga picha.
Akampa hamri.

Tikiti nilikuwa nimeilipa mimi, kisirisiri.
Akaidai. Akaniamuru nitoe kalamu
niandike nyuma yake, kwa herufi kubwa:
SHEKUWE. SIKU MIA MBILI NA KUMI. DENI HAPANA.
Akaikunja, akaitia kifuani.

Kisha akaniuliza choo kiko wapi.