Shuka Langu Lilipokuwa Urusi

Shuka ni langu. Nililichagua mwenyewe soko la Memorial,
pamba nzito, alama ya pasi karibu na katikati.
Mzee Ndekirwa alipopiga hodi kuliazima
nilidhani kuna msiba.
"Hajafa mtu," akasema, "ila yupo mmoja
atakayekufa kesho saa tatu usiku, kwa bastola,
kwenye theluji."

Ndivyo opera ilivyoingia ukumbi wa ushirika, Majengo,
ikabanana na magunia ya mbolea
na picha ya mwenyekiti aliyekula fedha za kahawa.
Huko Urusi alisomea udaktari wa ng'ombe, miaka sita.
Alirudi na koti ambalo Moshi haina kazi nalo
na neno hilo, opera,
analitamka taratibu, kama mtu anayemtaja marehemu.

Projekta ya Wasabato. Spika za baa ya Elifasi.
Tulifika watu kumi na tisa,
na kuku wawili wasiolipa kiingilio.

Wakaanza kuimba, wasiache.
Mtu anaomba chai, anaimba.
Anaaga, anaimba, na haondoki.
Mangowi fundi pampu akauliza kwa sauti,
"Hawa hawana mahali pa kusema tu?"
Tukacheka. Ndekirwa hakucheka,
alisimama kando ya shuka akitutafsiria,
mstari mmoja nyuma yao,
kwa hiyo wenyewe walilia kwanza
sisi sababu tukaipata baadaye.

Kisha yule msichana, na gauni la kulalia,
akakaa mezani kuandika barua.
Usiku mzima. Barua moja.
Alama ya pasi yangu ikamkaa begani,
ikapanda shavuni,
ikatua juu ya karatasi kama muhuri wa posta.
Hapo mzee akanyamaza.
Hakuna aliyemhimiza atafsiri.

Mimi niliwahi kuandika ya kwangu.
Kurasa mbili za daftari la hesabu,
kwa karani wa mizani kule kiwanda cha sukari.
Alinijibu kwa mdomo, stendi, mkoba wake kwapani:
kwamba ananiheshimu mno,
kwamba mimi bado mdogo,
kwamba nitamshukuru.
Kofi ningelirudisha.
Adabu unairudisha na nini?
Na huyu wa kwenye shuka, mwenye glavu, alijibu vilevile,
kwa sauti nene, nzuri,
na watu wa mji wake wakampigia makofi.

Ikaja theluji. Marafiki wawili, bastola mbili,
sababu ndogo kuliko kiberiti.
Wakahesabu hatua. Wakainua mikono.
Umeme ukakatika.

"Basi amepona," akasema Mangowi gizani.
"Hajapona," akasema Ndekirwa,
na kwa sauti aliyozoea kuitia ng'ombe josho
akaimba yaliyobaki, kwa Kirusi,
peke yake, akikosea, akirudi, akikosea palepale.
Sikuelewa hata neno.
Kuku walitulia.
Nje, Kibo lilikuwa ndani ya wingu tangu asubuhi;
theluji yetu haina desturi ya kuja inapoitwa.

Jumapili akarudisha shuka, limekunjwa mara nane,
linanuka mbolea.
"Anandumi," akasema, "hukuona mwisho.
Miaka inapita, yule bwana anarudi.
Anapiga magoti. Safari hii yeye ndiye mwenye barua."
"Na yule mwanamke?"
"Bado anampenda."
"Kwa hiyo?"
"Anamwambia aondoke."

Nikalipokea. Zito kuliko nilivyolitoa,
au mkono wangu.
Karani wa mizani alishastaafu, naambiwa ana bustani ya nyanya,
na hajawahi kunipigia goti, na sijui ningesemaje,
na nimeshalifikiria hilo kuliko inavyofaa
mtu mwenye wajukuu.

Ndekirwa bado yuko mlangoni, kofia mkononi.
Nikamuuliza kama atakunywa chai.
Akasema ndiyo.
Alisema tu.