Dubu wa Elfu Mbili

Jumatano, siku ya gulio, Raino Kampu.
Drabile anakata kamba za robota
kwa kisu cha kumenyea mihogo.
Suruali, sidiria, koti la mtu aliyezoea theluji,
na chini kabisa, amebanwa hadi pumzi kumwisha,
dubu wa manyoya. Jicho moja, la kifungo.

"Elfu mbili. Huyu ni Tedi. Mtoto hatalia tena."

Tedi namjua.
Nafundisha maarifa ya jamii, darasa la saba,
watoto themanini na sita, vitabu kumi na vinne,
na hakuna mwaka anapokosekana wa kuuliza:
mwalimu, kifaru yuko wapi?
Maana kibao cha barabarani kinamtaja.
Mto una viboko, nyasi zina nyoka,
kifaru hatuna hata fuvu.

Nawaambia: alikuja rais.
Si wa kwetu, wa Marekani, na hata huko
alikuwa ameshakabidhi ikulu kwa mwingine.
Aliteremka na mto, Januari ya 1910,
miwani, masharubu, mwanawe wa kiume,
na vitabu vilivyovikwa ngozi ya nguruwe
ili jasho na damu visivifute.
Alimtaka kifaru mweupe. Akampata.
Akampata tena.
Na tena.
Ngozi zikatiwa chumvi, zikavuka bahari
hadi jumba ambalo watoto wa huko
walimkodolea macho kifaru wetu.

Kisha kisa cha pili, ambacho hawakiamini.
Miaka saba kabla, kwao, msituni,
alifungiwa dubu mtini ampige kwa ulaini.
Akakataa. Si uungwana, alisema.
Magazeti yakachora, mafundi wakashona,
watoto wa dunia wakalala
wamekumbatia jina lake.

Jokudu, aliyevuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama,
alinyoosha kidole:
"Na yule dubu, waliachia kamba?"

Nilifuta ubao, japo ulikuwa safi.
Hapana. Alikuwa ameshaumizwa vibaya.
Rais aliamuru wammalize. Walitumia kisu.

Hata benchi la nyuma lilinyamaza.

"Kifaru yeye hakufungwa," Jokudu akasema.
"Ndiyo maana ilikuwa halali?"

Mtihani wa taifa hauulizi hilo.
Nilitazama saa. Nikagawa madaftari.

"Elfu moja mia tano, mwalimu, unipishe wateja."
Nikalipa. Mtoto mdogo sina.

Sasa dubu anakaa juu ya kabati la chaki.
Ijumaa niliingia nikamkuta ana pembe mbili
za soksi kuukuu, uzi mwekundu,
ya mbele ndefu kuliko ya nyuma;
Jokudu alibisha sana juu ya urefu huo.
Inapinda kidogo upande wa kushoto.
Darasa zima lilimzunguka kuikagua,
na hakuna aliyewahi kuona ya kweli
ili amsahihishe.