Meno Mia na Ishirini na Saba

Kerezo la Ithel lilizaliwa na inchi.
Parafujo yake kuu haijui milimita,
na mwenyewe hajifichi: hazitaki.

Morfudd ameleta bolti ya mashine ya krimu,
kazi ya Uswidi,
hesi zimelika kama fizi za kibogoyo.
"Moja na nusu," anasema. "Milimita. Pole."
Anaketi juu ya ndoo.
Mvua ya Machynlleth inapiga bati.

Ithel anafunua gazeti,
anatoa gia kubwa kama anayetoa yai kiotani:
meno mia na ishirini na saba.
Ni kwake tu, asema, inchi na milimita
hukubali kuketi mkeka mmoja.

Sasa sikiliza, Heledd.
Nati-nusu ukishaifunga, usiifungue.
Hata simu ikilia. Hata mbuzi wa Morfudd akiingia.
Ukiifungua, ncha itasahau mfuo wake,
itachora mwingine kando,
na hapo umetengeneza kuni za chuma.

Basi tunazima mota.
Nazungusha kwa mkono, mbele, polepole,
naivuta ncha nje,
nazungusha kinyume, njia ileile, hadi mwanzo,
kama mtu aliyesahau funguo.
Mkwaruzo wa kwanza hauonekani,
unausikia kwa ukucha.
Naweka kipimo. Meno yanakaa.
Tone la mafuta. Tena.

Emrys, ng'ambo ya barabara,
huisukuma ncha moja kwa moja ndani.
Ithel huiingiza kimshazari,
digrii ishirini na tisa na nusu,
ikate ubavu mmoja.
Kwa ajili ya hiyo nusu
hawajasalimiana tangu Pasaka.

Mara ya kumi na nne. Najaribu nati.
Inashika mizunguko miwili, inagoma.
Naulamba mkono, una ladha ya sarafu.
"Niongeze?"
"Usiongeze kitu. Pita tu."

Napita mikono mitupu, ncha palepale ilipokuwa,
na chuma, nilichodhani kimekwisha,
kinatoa unywele mmoja mwembamba,
unang'aa, unajikunja, unaanguka kwenye kiatu changu.

Nati inashuka kwa kidole hadi chini.

Morfudd anaacha jibini juu ya vaisi.
Ithel anaifuta bolti kwa shati, anainusa,
anaigeuza kwenye taa muda mrefu
kuliko inavyohitaji bolti.

"Kabla hajaondoka nayo," ananiambia,
"vuka, ukamwonyeshe Emrys.
Digrii usimtajie."