Makoo Mawili

Injini yako imekuja uchi, Ngwali.
Imevuka na meli ya usiku kutoka Unguja
ndani ya gunia la mchele lililopasuliwa ubavu,
Toyota, silinda nne, hai,
lakini pale inapovutia hewa
matundu manne yamezibwa kwa vipande vya kanga.
Nimevichomoa. Kimoja kina nusu ya jina;
nusu nyingine imeliwa na oili.

Umenunua moyo, hukununua pua.
Usione haya. Wengi hununua hivyo.
Ndiyo maana tumekaa hapa Limbani tangu alasiri
mbele ya mlango mkongwe nilioufanya meza,
na juu yake vitu vitatu,
nawe macho hayakutoki kwenye cha tatu
kwa kuwa kinang'aa.

Hiki cha kwanza ni manifoldi yake ya kuzaliwa nayo.
Sikio moja limevunjika,
na shafti ya kabureta inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.
Itavuta hewa kwa mlango, itaiba kwa dirisha.
Weka chini.

Cha tatu (narukia, maana najua hutanisikiliza kabla ya hapo)
ni zile kabureta mbili alizokuletea mpwa wako Seleyum kutoka Mombasa,
kila moja na mdomo kama tarumbeta,
vimifereji vyake vifupi kama shingo ya chupa ya soda.
Zinataka kukimbia. Haya, zikimbie wapi?
Kutoka hapa hadi Mtambwe ni kona, mbuzi, kona,
skuli, watoto, mteremko, kona.
Na wewe una magunia kumi na mawili ya karafuu nyuma
na wachumaji wamekaa juu ya magunia.

Sikiliza. Mfereji mfupi mpana,
injini ikizunguka polepole, hewa huzubaa humo;
petroli hugandama ukutani kama umande,
halafu hukohoa pale pale kilimani unapoihitaji.
Mie yalinikuta. Mwaka ule nilimfungia Shaame Faki
kabureta ya lori kwenye Peugeot yake.
Alitaka; nami nilikuwa kijana, nilitaka kuliko yeye.
Ilizimika kipandioni, ikarudi kinyumenyume
mpaka ndani ya duka la Bi Time.
Bi Time sasa ni mkwe wangu.
Mayai yale bado anayahesabu.

Basi ni hiki cha katikati, hiki kibaya,
cha Nissan, kilicholala miaka chini ya banda la kuku.
Mifereji mirefu, myembamba; hewa hupita mbio
hata injini ikiwa na usingizi.
Kabureta moja, makoo mawili:
dogo la kwenda sokoni,
kubwa halifunguki mpaka ukanyage.
Hakilingani na kichwa, najua. Stadi zimepishana
upana wa kidole cha shahada.
Nina bamba la alumini, nina tupa, nina siku mbili.
Mpe Seleyum tupa ya pili.
Akichubuka, atakuwa ameanza.

*

Siku zikawa nne.
Jana jioni ikawaka, ikanguruma,
ikapanda na kushuka yenyewe
kama mtu anayebishana usingizini.
Nikatia ncha ya mpira sikioni,
ncha ya pili nikaitembeza kila ungio,
la kwanza kimya, la pili kimya,
la tatu: ssss.
Nati moja. Robo mzunguko.
Chai ya Seleyum juu ya bodi
ikaacha kumwagika.

Ichukue. Pesa iliyobaki, karafuu zikiuzwa.
Kilimani, gea ya pili, ukiona imelemewa
kanyaga, usiogope;
utasikia sauti inashuka, inanenepa.
Hilo ndilo koo la pili.
Usinipigie simu kunishukuru.
Nipigie ukisikia mluzi.