Kurasa Zisizokatwa

Porto, Jumamosi, manyunyu.
Mezani kwa Felismina, muuza vitabu vikuukuu,
Aderito akakutana na riwaya yake mwenyewe,
toleo lile la zamani
ambalo msomaji hukata kurasa kwa kisu.

Aliyeinunua alikata vizuri hadi ukurasa wa tisini,
mlango unapogongwa usiku.
Akakata tena kuanzia mia na ishirini na moja,
mlango unapofunguliwa.

Katikati, kurasa thelathini hazijaonja hewa.
Humo mna ukungu wa mto Douro,
mna nasaba nzima ya bawabu,
mna kabati la mwaloni, droo kwa droo.
Aliyaandika hayo majira mazima ya baridi,
vidole vimekufa ganzi,
mkewe akila peke yake.

"Mshenzi gani huyu?"
Felismina alikuwa akimenya chungwa.
"Mtu kabisha hodi, bwana.
Ulitaka asimame nje mpaka lini?"

Akaazima kisu. Akakata. Akasoma wima wima:
ukungu, bawabu, babu yake bawabu,
droo ya kwanza, ya pili,

na kidole, bila kutumwa,
kikaanza kuutafuta mlango.